JKIA hadi mjini kwa shilingi mia: siku zetu za Nairobi na shangazi

Alhamisi

Ndege yetu kutoka Dar es Salaam ilitua Nairobi saa saba na nusu mchana. Kulikuwa na ya usiku yenye tiketi nafuu kidogo, lakini shangazi aliikataa tangu siku tunakata. "Nafuu hiyo ataila dereva wa teksi," alisema, na mjadala ukaishia hapo. Ameuza vitambaa Tanga tangu sijazaliwa, na kwake gharama ya safari haijulikani mpaka mguu ukanyage mlango wa gesti.

Sikubishana naye, maana hesabu yake ilikuwa na msingi. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, yaani JKIA (shangazi bado anauita Embakasi, jina ulilofunguliwa nalo mwaka 1958) uko kilomita 15 hivi kutoka katikati ya jiji. Umbali huohuo unaweza kukutoa shilingi 100 au 3,000, kutegemea umetua saa ngapi na umebeba nini. Shilingi ninazozitaja humu ni za Kenya. Mia moja yao ni kama elfu mbili yetu.

Uhamiaji hapakuwa na la kusimulia. Watanzania hatuombi ile eTA, kibali cha kuingia cha mtandaoni, ambayo wageni wengine wengi wanadaiwa tangu Januari 2024, kwa hiyo ni pasi, muhuri, karibu. Ndani ya jengo nilibadili fedha kidogo tu, ya nauli na chai, nikiacha nyingine kwa maduka ya mjini ambayo bei zake huwa nzuri zaidi, na nikaomba noti za 50 na 100. Nikasajili laini ya simu kwa pasi, maana Nairobi bila M-Pesa utaishi, lakini kwa tabu.

Nje walikuwapo wenye teksi.

"Karibu Kenya, mama! Teksi ya tao? Elfu tatu pekee, mpaka mlangoni."

"Ahsante baba, tunapokelewa," shangazi akajibu bila kupunguza mwendo.

Aliyekuwa anatupokea ni basi namba 34.

Niseme mapema kwamba hilo si basi la watalii, na ndiyo maana hutaliona likitangazwa. Linapandwa na watu wa uwanja wenyewe: wapakia mizigo, wasafishaji, wauza maduka, askari waliotoka zamu. Kwa hiyo wa kumuuliza steji iko wapi ni mtu mwenye kitambulisho shingoni, si mwenye funguo za gari mkononi. Sisi tulimuuliza dada mmoja mwenye sare ya usafi. Hakutuelekeza, alisema "twendeni," kwa sababu na yeye alikuwa anakwenda huko huko.

Kondakta alikuwa kijana aliyevaa jaketi zito na kofia ya sufu. Ilikuwa Julai, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mimi nilikuwa na shati la mikono mifupi.

"Tao mia, tao mia! Mathe, panda, kiti kiko."

"Mia ya mtu, au ya mtu na begi lake?" shangazi akauliza akiwa bado chini. Swali hilo liulizwe kabla ya kupanda, maana ukishakaa huna nguvu tena.

"Ukilipakata ni bure. Ukiliweka kwa kiti, hicho kiti unalipia."

Tukapakata. Kila mmoja alikuwa na begi moja la mgongoni, na hilo lilikuwa agizo lake pia.

Basi halikuondoka mpaka lilipojaa. Hapo ndipo nilipopata muda wa kumtazama kondakta akifanya kazi. Noti alizikunja kwa urefu akazipanga katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, hamsini na wenzake, mia na wenzake, mia mbili na wenzake, zikasimama wima. Mkono wa kulia ukabaki huru kwa kushika bomba na kugonga bodi. Nilimpa noti ya 500 ili nizitunze zile ndogo. "Chenji iko, boss," akasema, akapita. Chenji ilikuja Donholm. Hakunidhulumu hata shilingi, lakini kati ya Embakasi na Donholm sikutazama nje hata mara moja, kwa hiyo kuhusu Embakasi nina machache ya kusema: magorofa, nguo zimeanikwa, magorofa tena.

Jogoo Road niliitazama. Ni barabara ndefu ya upande wa mashariki, yenye mitaa ya zamani ya wafanyakazi pembeni na matatu zinazochomekeana kila upenyo. Zote zina ule mstari wa njano ubavuni, uliowekwa na kanuni za mwaka 2004 za waziri John Michuki, zilizoleta pia mikanda ya usalama. Mstari umebaki. Mkanda wa kiti changu ulikuwa na upande mmoja tu.

Baada ya City Stadium foleni ikatushika barabara. Shangazi alikuwa ametoa simu kumjulisha mwanawe kwamba tumefika, kiwiko kikiwa nje ya dirisha.

"Mathe, funga hiyo dirisha," kondakta akamwambia kwa upole, "hapa simu hupaa."

Akafunga. Wote wa upande ule wakafunga, na hapo nikajua kwamba onyo halikuwa la wageni peke yao. Karibu na Muthurwa mkokoteni uliosheheni vitunguu, ukielekea Marikiti, ulitupita huku msukumaji wake akipiga mluzi. Tulishuka Ambassadeur, Moi Avenue, ng'ambo ya jengo la Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, sanamu ya Tom Mboya ikiwa hatua chache mbele. Tangu basi lijae mpaka tunashuka ilipita saa moja na nusu na zaidi. Kwa kilomita 15, ndiyo. Lakini tulikuwa likizo, na nauli ya watu wawili ilikuwa 200.

Kutoka hapo hadi gesti yetu ya Ngara tulitembea. Mtu mwenye begi la mgongoni anaweza. Mtu mwenye sanduku la magurudumu asijaribu jioni, maana lami ya njia ya miguu inakatika kila baada ya hatua kumi na watu hawapungui.

Ijumaa

Asubuhi tulibadili fedha. Kisha shangazi akataka kurudi Ambassadeur "kusoma soko," kwa lugha yake, yaani kujua nauli ya 34 inavyotembea mchana kutwa. Tulinunua chai ya vikombe vya karatasi tukasimama karibu na mabasi, naye akazungumza na mpiga debe mmoja wa makamo.

"Mama, bei iko na masaa yake," yule bwana alimweleza. "Asubuhi watu wakikuja job, iko juu. Saa nne hivi inashuka. Jioni inapanda tena. Na mvua ikinyesha, hapo usiniulize."

Hilo la mvua kila mkazi wa Nairobi analijua. Nauli hupanda kabla tone la kwanza halijalowesha mtu, kwa sababu magari hukwama, safari za siku hupungua, na abiria wote hutaka kuondoka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mgeni akikuambia "mimi nililipa 80" na mwingine akakuambia "mimi 150," wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Uliza mlangoni, sikiliza waliokutangulia wanalipa kiasi gani, toa hichohicho.

Tuliuliza pia basi la mwisho. Alisema tusitegemee kitu kikishapita saa mbili usiku, na akaongeza kwamba kwa mgeni mwenye mzigo hata saa moja ni usiku.

Mchana niliswali Jamia, Banda Street, halafu tukapanda juu ya KICC, jengo la ghorofa 28 lililokamilika mwaka 1973. Kutoka kule juu unaiona Nairobi yote, hadi mbuga upande wa kusini. Shangazi alitafuta barabara ya uwanjani. Akaiona, imejaa magari, akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumamosi

Eastleigh, kwa matatu namba 6. Maduka juu ya maduka, Kisomali na Kiswahili vikipokezana, na bei za vitambaa ambazo zilimfanya shangazi asahau chakula cha mchana. Alinunua majora, madera, mashuka. Nikamkumbusha agizo lake la begi moja la mgongoni.

"Hilo lilikuwa la kuja," akasema.

Tulirudi Ngara na furushi lililofungwa kamba za manila, tukalilipia kiti chake kwenye matatu. Lilikaa dirishani.

Jumapili

Asubuhi kwenye chai tulikaa meza moja na mzee wa Mombasa aliyefika jana yake kwa SGR. Tulianza kulinganisha safari, kama wasafiri wafanyavyo. Kiti cha kawaida Mombasa hadi Nairobi alilipa 1,500. Kilikuwa 1,000 mpaka mwisho wa 2023. Lakini alilotaka tulijue ni lile la baada ya kushuka. Stesheni kubwa ya SGR iko Syokimau, nje ya jiji, na hapohapo pana stesheni ya treni ya abiria wa mjini, iliyofunguliwa Novemba 2012. Yeye alihama treni moja hadi nyingine, akapita Imara Daima na Makadara, akashukia stesheni kuu karibu na Haile Selassie Avenue.

"Foleni nimeiona kwa dirisha tu, mwanangu," alisema. "Wao wamesimama, mie napita."

Nikamuuliza kama mtu wa ndege naye anaweza kuitumia, maana Syokimau na uwanja vinapakana. Akatikisa kichwa: kutoka uwanjani utahitaji gari kwanza kufika stesheni, na ukishalipa gari hilo, nafuu imekwisha. Niliangalia ramani baadaye nikaona yuko sahihi. Uwanja ulio rahisi kwelikweli kwa matatu ni ule mdogo wa Wilson, wanaoutumia watu wa Lamu na Maasai Mara: uko kandokando ya Lang'ata Road, na matatu za Lang'ata na Rongai zinapita mbele yake siku nzima.

Jioni ilikuwa zamu yangu. Binamu yangu, binti yake shangazi, anafanya kazi Dubai, na ndege yake ilikuwa inatua saa nne na nusu usiku. Tungeonana Nairobi kisha turudi wote nyumbani. Nilikwenda kumpokea kwa 34 ya saa kumi na moja, na Jumapili basi hilo ni kitu kingine: barabara nyeupe, nikafika kwa chini ya saa nzima.

Kurudi ndiko kulikokuwa na hesabu. Saa tano usiku 34 haipo. Binamu alitokea na masanduku mawili makubwa na uchovu wa zamu ya usiku iliyotangulia. Wenye teksi wa mlangoni walikuwa wamepanda hadi 3,500. Nikafungua simu. Uber, Bolt na Little zote zinafanya kazi Nairobi, na kwa safari hiyo bei iliyoonekana ilikuwa 1,300.

Kubonyeza ni jambo moja, kupata gari ni jingine. Dereva wa kwanza alipiga simu, akauliza ninaenda wapi, ninalipa keshi au M-Pesa, halafu akaniomba 2,000 kwa kuwa ni usiku. Nilipokataa alitaka nifute mimi. Nikamwachia afute yeye. Wa pili aliuliza swali la maana zaidi: "Mko terminal gani?" Uwanja huu una majengo kadhaa ya abiria. Kenya Airways hutumia 1A, na abiria wa mashirika mengi ya nje hutokea 1E. Ukimwambia dereva "niko JKIA" atazunguka huku ada ya maegesho ikipanda. Ada hiyo huwa juu ya abiria, na tulikubaliana nayo kwenye simu kabla hajaingia getini.

Tulipokaa akageuza shingo. "Tupite juu ama chini?"

Juu ni Nairobi Expressway, barabara ya kulipia ya kilomita 27 inayotoka Mlolongo hadi Westlands, iliyojengwa na Wachina na kufunguliwa kwa magari Mei 2022. Inafuata Mombasa Road na Uhuru Highway, sehemu yake ikiwa imesimama kwenye nguzo juu yao, na unalipa kulingana na umbali. Gari dogo likiimaliza yote ni 500, kutoka 360 ya mwanzo. Chini ni Mombasa Road ileile ya siku zote, bure. Dereva anauliza kwa sababu tozo utalipa wewe.

Saa kumi na moja jioni siku ya kazi ningesema juu bila kufikiri. Mkigawana watatu ni pesa ndogo kuliko saa nzima ya kutazama tairi za lori. Lakini Jumapili usiku? "Chini," nikasema, na dereva akacheka: "Hata mimi ningesema hivyo." Mombasa Road ilikuwa tupu. Taa za barabara ya juu zilitufuata mpaka Nyayo Stadium, na dakika 25 baadaye tulikuwa Ngara. Jumla, pamoja na maegesho, 1,500.

Shangazi alikuwa macho, amekaa mapokezi na kanga mabegani.

"Shikamoo mama," binamu akasema.

"Marahaba mwanangu. Mmelipa ngapi?"

Nikamwambia. Akatazama dari kidogo.

"Watu kumi na watano wa thelathini na nne," akasema, kisha ndiyo akamkumbatia mwanawe.

Jumatatu

Ndege ya kurudi ilikuwa saa saba mchana. Saa moja asubuhi tulikuwa mezani, na kilichojadiliwa si chai. Shangazi alitaka 34. Binamu alitaka teksi. Mimi nilitaka kutobeba furushi, lakini hakuna aliyeniuliza.

Wakahesabu. Basi: watu watatu, masanduku mawili na furushi, vyote vya kulipiwa viti, 600 kwa bei ya asubuhi. Mkokoteni wa kutoka Ngara hadi Ambassadeur, 200. Jumla 800, kama kondakta atakubali mzigo wote huo saa ya watu wa kazi, na huenda asikubali. Teksi kwenye simu: 1,350, kutoka mlango hadi mlango.

"Tofauti ni mia tano na hamsini," shangazi akasema.

"Mama, tukigawana haifiki mia mbili kwa kichwa."

Hapo akanyamaza, na akinyamaza ujue amekubali. Kumbe hata yeye basi lake lina mpaka: watu wawili na mikono mitupu, lipo, watu watatu na masanduku, teksi.

Juu alikataa, tena safari hii alikuwa na hoja niliyopaswa kuijua. Dereva alisema ni Jumatatu, foleni ni mbaya, bora tupande. Shangazi akamwonyesha kwa kidole upande wa pili wa Uhuru Highway: magari yamesimama pua kwa mkia, yote yakiingia mjini. "Wao wanakuja, sisi tunatoka, baba. Twende hukuhuku chini." Na ni kweli, kuanzia Nyayo Stadium tulikwenda bila kushika breki za maana, huku Bellevue na Imara Daima zikipita upande wetu, na upande wa pili watu wakisoma magazeti kwenye usukani. Anayeondoka asubuhi anaweza kuiacha tozo. Anayeondoka jioni, wakati jiji zima linarudi Syokimau na Kitengela, afikirie upya.

Jambo moja la kuliwekea muda ni ukaguzi wa getini. Kabla ya kufika kwenye majengo ya uwanja, magari yote husimamishwa. Abiria wanashuka, wanapita kwa miguu kwenye mashine za ukaguzi, na kulikuta gari mbele likiwa limekaguliwa na mizigo yake. Kukiwa na watu wengi ni dakika 20 zinazokwenda hivihivi. Shangazi alipita mashine ikalia, akarudi, akatoa bangili, ikalia tena. Ilikuwa sarafu za chenji, zimefungwa kwenye pindo la kanga.

Kwenye mizani furushi lilisoma kilo 26. Tiketi inaruhusu 23, na binti wa kaunta akasema kwa adabu kwamba zilizozidi zinalipiwa. Shangazi hakubishana. Alifungua kamba palepale sakafuni, akatoa madera, akavaa moja juu ya alilokuja nalo, la pili juu ya hilo, la tatu akamvisha binamu, mashuka mawili akayasukumia kwenye begi langu la mgongoni. Furushi likarudi juu ya mizani: 22 na nusu.

"Nauli ya begi ni bure ukilipakata," akamwambia yule binti, akapokea tiketi yake.